Kibuyu, Jembe na Dirisha la Treni

Madirisha ya treni ya SGR hayafunguki. Niligundua hilo mara ya kwanza nilipoipanda kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, miezi michache baada ya safari kuanza mwaka 2024. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kufungua. Lakini mimi nimekulia kwenye treni ya zamani, ile ambayo ukifika Gulwe au Igandu unatoa kichwa nje, unaulizia bei ya muwa, na mtoto anakimbia sambamba na behewa akikuletea chenji. Safari hii ilichukua chini ya saa nne. Sikujua hata tulipita Kikombo saa ngapi.

Kikombo ndiko bibi yangu mzaa mama alikouza vibuyu. Alivilima mwenyewe pembeni mwa shamba la mtama, akavianika mpaka vikawa vyepesi, akavikata mdomo, akatia maji na changarawe ndani na kutikisa mpaka mbegu zote zikatoka. Kisha alipasha waya moto na kuchora mistari kwenye shingo. Kilichopasuka hakukitupa, alikishona kwa uzi na kukiuza kwa bei ya chini. Treni ilisimama dakika chache tu, na alijua behewa la daraja la tatu lingesimama usawa wa mwarobaini upi. Alikuwa na sheria moja: kibuyu hakitoki mkononi kabla hela haijaingia. "Treni haina adabu," alikuwa akisema, "ikipiga honi inaondoka na mali ya mtu."

Nilidhani biashara ile ililetwa na reli. Nilipoanza kusoma historia ya Ugogo nikaona kwamba reli iliikuta.

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo yote, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Jina ni la haki. Lakini linataja mali za matajiri tu. Mpagazi aliyebeba pembe ile alikuwa naye na mali yake.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na upagazi kwao ulikuwa kazi ya kuheshimika, yenye kiongozi wake, kirangozi, na taratibu zake. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Juu ya huo alipakia vitu vyake: mkeka, chungu, chakula kidogo, na mara nyingi, akiwa anatoka bara kwenda pwani, majembe.

Majembe hayo yalifuliwa kwa mkono na wahunzi wa kusini mwa Ziwa Victoria, wakiwamo Warongo, mafundi waliojulikana kwa kuyeyusha chuma. Walichoma mkaa, wakajenga tanuru la udongo, wakapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi mpaka mawe yakatoa chuma, kisha wakakigonga kikawa bapa lenye mkia wa kuchomeka kwenye mpini. Kutoka huko majembe yalishuka hadi soko la Tabora. Mpagazi aliyafunga pamoja, akayaongeza kwenye mzigo wake na kuanza safari ya mashariki. Kila siku aliyobeba kilo hizo za ziada alikuwa anaweka akiba begani.

Alikuwa anakwenda kuyauza Ugogo, kwa sababu Wagogo walikuwa wakulima na wafugaji waliotegemea sana chuma cha kutoka nje. Kwao jembe lilikuwa chombo cha kazi na pia fedha. Lilinunua unga, kuku, hata mbuzi, na lilikubalika katika kulipa hongo. Mpagazi akielekea pwani hakuwa na kitambaa, maana vitambaa vilitoka pwani: marekani nyeupe, kaniki, na shanga za kila rangi. Hivyo alikuwa navyo wakati wa kurudi. Kwa hiyo njia ile ile ilikuwa na fedha mbili, chuma wakati wa kushuka na nguo wakati wa kupanda, na katikati yake alikaa Mgogo, akipokea zote.

Nguvu ya Mgogo ilikuwa maji. Mashariki ya Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika iliyopewa jina kwa sababu ya maji yake makali. Magharibi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori ambalo msafara ulihitaji siku nyingi kulivuka kabla ya kuiona Unyamwezi. Anayetoka kwenye kiu moja akielekea kwenye kiu nyingine hana budi kusimama. Mvua ya nchi hii ni chache hata leo, na visima vilichimbwa na watu walionywesha ng'ombe wao humo mwaka mzima. Sasa fikiria msafara wa watu mia tano, au elfu moja, umeweka kambi kando ya kisima chako kwa siku tatu. Usipodai kitu, utabaki na tope.

Ndiyo maana ya hongo. Richard Burton alipita hapa mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika kwa hasira kuhusu watemi wa Ugogo waliohesabu vitambaa vyao kimoja kimoja. Wameandika kana kwamba walikuwa wanaporwa. Ukizisoma kurasa hizo ukiwa mjukuu wa muuza vibuyu, unaona kitu kingine: mtu mwenye haraka anamlalamikia mtu asiye na haraka. Na katika kurasa hizo hizo, bila kukusudia, wanalieleza soko. Kambi ikishawekwa, wenyeji walikuja na maziwa, samli, asali, mayai, unga, maboga na karanga. Wapagazi walitoa posho yao ya nguo au shanga, wengine wakafungua majembe. Na hakuna aliyeweza kuingia Mgunda Mkali bila chombo cha kubebea maji. Chombo hicho kilikuwa kibuyu.

Sitaki kuipamba historia hii. Hongo iliishia mikononi mwa watemi na watu wao, na wenye ng'ombe waliongeza ng'ombe. Na misafara iliyolipa hongo ilipita na kila ilichobeba, pamoja na watu waliofungwa shingoni. Walikunywa maji ya visima vile vile, na unga waliokula ulinunuliwa kwa watu wale wale waliouza kwa tabasamu. Huenda mmoja wa wauzaji hao ni wa ukoo wangu. Nikifikiria hivyo siwezi kuliita soko lile la ajabu bila kumeza mate kwanza. Kukaa kando ya njia kunakupa riziki, lakini hakukupi uamuzi juu ya kinachopita.

Siku za Ugogo kuuza maji yake kwa bei yake ziliisha kwa nguvu. Mwaka 1890 Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, aligoma kulipa hongo, akapigana na Wagogo, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe. Muda si mrefu utawala wa Kijerumani ukaifuta hongo kabisa. Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliokuwa ukitembea kwa miguu miezi mitatu sasa ulikwenda kwa siku chache, na mpagazi hakuhitajika tena. Mhunzi naye alipata pigo lake: treni zilileta majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ya bei nafuu, yote ya umbo moja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo. Ikafuata njaa ambayo wazee bado wanaiita Mtunya. Reli ilipita katikati ya nchi yenye njaa.

Lakini treni ya mvuke ilihitaji maji, na ilisimama. Panaposimama msafiri, watu wa Ugogo wanajua la kufanya. Walikuja dirishani na maziwa, kuku na mayai, kama babu zao walivyokuja kambini. Bibi alirithi eneo hilo la biashara bila kujua kwamba ni urithi.

Wala si SGR iliyomwondoa. Dumu la plastiki lilitangulia, miaka mingi nyuma. Dumu halipasuki likianguka, na lina kifuniko. Bibi mwenyewe anachotea maji kwa dumu la manjano lililokuwa na mafuta ya kula, na hajawahi kulisema vibaya. Nadhani mke wa mhunzi pia alilimia jembe la dukani.

Siku ile nilipofika Dodoma nilipanda daladala, kisha bodaboda, mpaka Kikombo. Nilimkuta Bibi amekaa kivulini.

"Mbukwa, Bibi."

Aliitikia, akaniuliza habari za mama, za kazi, za treni mpya. Nikamweleza: kasi yake, viti vyake, baridi yake. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayepewa habari za mshindani.

"Na njiani umenunua nini?" akauliza.

"Sikununua kitu, Bibi. Madirisha hayafunguki."

Alinyamaza kidogo. Halafu akaniuliza wale wanawake wa Gulwe siku hizi wanauzia wapi. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewapita kwa kasi ya kilomita mia na kitu kwa saa, nikiangalia simu.

Nilipoondoka alinipa kibuyu, kimoja cha mwisho, kilichoshonwa ubavuni. Nilitaka kumlipa. Akacheka, akanyoosha mkono, akapokea hela kwanza, ndipo akakiachia.