Kiungulia

Neno kiungulia limejengwa juu ya kitenzi ungua, ambacho katika kauli ya kutendea huwa ungulia, likitanguliwa na kiambishi ki-. Kwa hiyo ndani yake mna moto, kama ule unaoacha ukoko wa wali chini ya sufuria, na mgonjwa anayelitamka huwa ameshaeleza nusu ya maradhi yake. Moto huo ni tindikali ya tumboni inayopanda kwenye umio, yaani mrija wa kupitishia chakula, pale msuli unaofunga mlango wa tumbo unapolegea, hasa baada ya mlo mzito wa usiku unaofuatwa na usingizi papo hapo.

Kosa la matumizi lenye madhara makubwa ni kuyaita maumivu yoyote ya namna hii "vidonda vya tumbo", ilhali vidonda hivyo ni majeraha ya ukuta wa tumbo au wa utumbo mdogo, ambayo mara nyingi huletwa na bakteria na kuhitaji antibiotiki. Kwa kiungulia chenyewe, omeprazoli, dawa inayopunguza utengenezaji wa tindikali, kwa kawaida humezwa takriban nusu saa kabla ya kula, kwa muda uliopangwa na daktari. Anayepata shida kumeza, anayetapika damu, anayekonda bila sababu au anayepata choo cheusi kama lami asiridhike na jina kiungulia; na maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani yapelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa yaweza kuwa ya moyo.