Kinga ya Mtu na Kinga ya Ziwa: Historia Fupi ya Bima katika Fizi na Baraka

Neno *bima* liliingia katika Kiswahili cha pwani kutoka lugha za Bara Hindi, likifuata njia ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki husikika zaidi *asiransi*, neno lililotokana na Kifaransa cha ofisi za serikali. Tofauti hii ina maana kihistoria. Pwani, bima ilijulikana kwanza kama jambo la biashara. Kivu, asiransi ilijulikana kama karatasi ya kuonyeshwa askari barabarani. Hata hivyo, wakazi wa Fizi na Baraka walikuwa na njia za kujikinga kabla ya maneno hayo mawili kuwafikia.

Hatari ya kwanza ya sehemu hizo ni maji. Stanley alipoufikia mto Lukuga mwaka 1876 alikuta mlango wake umezibwa na mimea na mchanga, huku Ziwa Tanganyika likiendelea kujaa. Mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika, na maji yakaanza kutoka kuelekea mto Kongo. Ziwa lilipanda tena kwa kiwango kikubwa mwaka 1964, kisha mwaka 2021 na 2024, likazifunika nyumba za ukingoni huko Baraka, Uvira na Kalemie. Mafuriko ya milimani ni ya ghafla zaidi: usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, maji yalikikumba kijiji cha Kasaba katika teritware ya Fizi, yakaua watu zaidi ya 60.

Kinga ya zamani dhidi ya majanga ni ukoo, na pamoja nao kirimba, yaani chama cha watu wanaochanga kwa zamu. Mtu akifiwa au akiunguliwa nyumba, wenzake humchangia kwa kuwa wao hawakupatwa. Hapo ndipo penye nguvu ya kirimba, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake. Maradhi na kifo kwa kawaida huingia nyumba moja moja. Ziwa huingia katika mtaa mzima. Siku ambayo wachangaji wote wamefurikiwa, hakuna aliyebaki pakavu wa kumchangia mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kikisombwa na maji, haba hazina pa kukusanyikia.

Kwa nadharia, pengo hilo lilipaswa kuzibwa na bima ya taifa, kwani shirika kubwa laweza kumlipa mtu wa Baraka kwa michango ya watu wa Kinshasa na Lubumbashi. Shirika la SONAS liliundwa tarehe 23 Novemba 1966, likashika ukiritimba wa bima nchini kwa karibu nusu karne. Sheria ya mwaka 1973 iliwalazimisha wenye magari kukata bima ya madhara wanayoweza kuwafanyia wengine. Lakini mvuvi mwenye mtumbwi na mkulima wa muhogo hawakuwa na gari. Basi asiransi ya lazima ilipita barabarani bila kugeukia mashamba wala mialo.

Aidha, sarafu yenyewe haikuaminika. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Aliyeahidiwa fidia ya zaire milioni moja kabla ya mwaka 1993 alibaki na theluthi ya zaire mpya. Kwa hiyo, kuweka akiba katika ng'ombe, mbuzi au nyavu hakukuwa ujinga wa watu wasiojua bima. Kulikuwa ni hesabu sahihi kwa wakati wake.

Hatari ya pili kubwa ni vita. Mwaka ule ule wa 1964 ziwa lilipopanda, uasi wa Simba ulienea Fizi. Vita vilirudi mwaka 1996 na 1998, na mwanzoni kabisa mwa mwaka 1999 Makobola ilikuwa imekwisha kushuhudia mauaji makubwa. Mikataba ya bima kwa kawaida hukataa kulipa hasara za vita. Kinga iliyobaki ilikuwa ni kuvuka ziwa hadi Kigoma. Wengi waliishi katika kambi ya Nyarugusu, na tangu mwaka 2005 baadhi yao walirejeshwa kwa meli hadi Baraka. Ziwa lile lile linalobomoa nyumba ndilo lililookoa roho za wenye nyumba.

Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba wa SONAS, na tangu mwaka 2019 kampuni binafsi zilianza kupewa vibali. Hivyo suala la kuchagua bima, ambalo awali halikuwapo, sasa lipo. Historia iliyoelezwa hapa yatoa vipimo vitatu vya kuchagulia. Kwanza, hatari inayompata mmoja mmoja yaweza kubaki mikononi mwa kirimba na mituweli ya afya. Bwamanda, iliyokuwa wakati huo katika Ekwateri, ilianzisha bima ya hospitali mwaka 1986, na michango ilikusanywa wakati wakulima walipokuwa wameuza mazao. Pili, hatari inayowapata wote kwa pamoja yahitaji mfuko wenye wachangaji wa mbali. Huko Marsabit, Kenya, bima ya mifugo iliyoanza mwaka 2010 hulipa kwa kufuata picha za satelaiti za hali ya malisho, bila mkaguzi kuhesabu mizoga. Kina cha ziwa nacho hupimika. Tatu, kabla ya kutia sahihi, isomwe kwanza sehemu ya mkataba inayotaja yasiyolipwa, na ijulikane fidia italipwa kwa sarafu gani.

Bima isiyolipa mafuriko ina thamani ndogo kwa mtu wa ukingoni mwa ziwa, hata ikiwa na mhuri mzuri. Bima inayolipa mafuriko bila kulipa vita yaweza kumfaa, mradi aambiwe hivyo kwa lugha anayoielewa. Mikataba huandikwa kwa Kifaransa. Wanaofurikiwa huzungumza Kibembe na Kiswahili. Kazi ya kuitafsiri ni sehemu ya kinga yenyewe.