Mabaki ya jikoni yanavyoweza kurutubisha bustani Shinyanga na Geita

SEHEMU kubwa ya taka za majumbani katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, ugali uliolala na wali uliochacha. Vikirundikwa jaani, huoza bila hewa ya kutosha, huvuta nzi na panya na kutoa gesi ya methani, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani. Vikitenganishwa mapema, huwa mboji, yaani mbolea itokanayo na kuoza kwa mabaki ya mimea na samadi.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024, chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilifikia tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani.

Kuhifadhi kwanza

Hatua ya kwanza ni kuzuia chakula kisiwe taka. Wasukuma wana ujuzi wa siku nyingi katika jambo hilo. Viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, vikaitwa michembe. Vikichemshwa kabla ya kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa kwa matumizi ya kiangazi. Kupika kwa kipimo na kuwapa mifugo mabaki yasiyooza hupunguza zaidi kinachobaki.

Shimo badala ya lundo

Mboji ina thamani ya pekee Shinyanga, mkoa wenye ukame wa mara kwa mara, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulifanya kazi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 kurejesha uoto kwa kutumia ngitili, hifadhi za asili za malisho. Udongo wa kichanga, uitwao luseni kwa Kisukuma, hupitisha maji upesi. Mboji huusaidia kushika unyevu.

Mahali pakavu, shimo hufaa kuliko lundo kwa kuwa hutunza unyevu. Lenye upana wa mita moja na kina cha sentimita 60, chini ya kivuli, hutosha kaya moja. Chini hutandazwa mabua ya mahindi, kisha tabaka moja la mabaki mabichi hufuatwa na matabaka mawili au matatu ya majani makavu au maganda ya mpunga, pamoja na samadi kidogo. Mchanganyiko ukikamuliwa kiganjani uwe na unyevu bila kuchuruzika maji. Hugeuzwa kila baada ya wiki mbili, na kwa kawaida huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi, ukiwa mweusi na wenye harufu ya udongo. Wakati wa masika, hasa Geita ambako mvua ni nyingi zaidi, shimo hufunikwa au lundo hujengwa juu ya ardhi. Nyama, samaki na mafuta havifai, kwani huvuta mbwa na panya.

Tahadhari ya zebaki

Katika maeneo ya machimbo ipo hatari nyingine. Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Tofauti na maganda ya viazi, zebaki haiozi. Kwa sababu hiyo, marudio, udongo wa mabwawa ya kuoshea dhahabu na majivu ya mahali inapochomwa visiingizwe kamwe katika mboji, wala bustani ya mboga isilimwe hapo. Sumu hiyo hudhuru ubongo na figo, na watoto walio tumboni ndio walio hatarini zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Betri na plastiki navyo vitengwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Hata hivyo, utenganishaji huanzia jikoni, na ndoo mbili zinatosha: moja ya vinavyooza, nyingine ya visivyooza.