Nambari Ubavuni mwa Tairi

Fundi wa pancha pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, alikataa pesa yangu. Nilimpelekea matairi manne ya inchi 14 niliyoyatoa stoo ya baba, meno yote yamesimama, hata zile nywele za mpira za kiwandani bado zimo. Aliyazungusha moja baada ya jingine, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akasoma nambari nne zilizo ubavuni: 3404.

"Boss, hizi zilizaliwa wiki ya thelathini na nne, mwaka wa 2004. Mimi sifungi. Peleka kwa wa akala."

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Nilitarajia abishane, maana yeye ndiye aliyeyanunua na kuyafunika gunia miaka yote hii. Hakusema kitu. Alitazama tu ng'ambo ya barabara, malori ya saruji yakipita.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Wengi wenu hamjaliona ila kwenye picha: pua ndefu, milango miwili, mgongo unaoteremka kama wa swala aliyeinama kunywa maji. Lilitoka Japani mwaka 1969, injini ya silinda sita, karibu lita mbili na nusu. Baba, aliyekuwa fundi wa karakana kule Magadi, alilinunua mwaka 1984 likiwa bodi tupu, na akalifufua kwa miaka sita, kipuri kwa kipuri. Majirani walisema mzee amerogwa. Ili mwelewe kwa nini mtu wa mshahara wa karakana alipenda gari la namna hiyo, lazima turudi kwenye Safari.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zile zile walizotumia watu wa mabasi na wachungaji wa ng'ombe. Magari ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, ya kununuliwa dukani. Na kwa kuwa yalifanyika kipindi cha Pasaka, dereva aliondoka Nairobi kwenye vumbi na kesho yake akazama kwenye tope la masika. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na tangu siku hiyo kila fundi wa Kenya aliamini kwamba gari la zamani likitunzwa linaweza kumshinda bwana mkubwa wa Ulaya.

Kisha ikaja 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo. Mwaka 1973 ikashinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi waamuzi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Baba alikuwa akisema, "Yule kijana alifukuzwa kwao, akaja akashinda kwetu." Kwake yeye 240Z haikuwa gari la matajiri. Ilikuwa gari lililopita kwenye vumbi letu na likashinda.

Sasa, gari hili ni la michezo, lakini mchezo wake una nyuso mbili. Kiwandani lilivalishwa matairi 175HR14. Ile H maana yake linavumilia mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Ni tairi la lami, laini, linaloshika kona. Kwenye Safari tairi kama hilo lingeraruka kabla ya chai ya saa nne. Timu za viwanda zilikuwa na magari ya huduma yakiwasubiri njiani na matairi ya kila aina: ya tope, ya mawe, ya kukimbia. Mimi na baba hatuna gari la huduma. Tuna buti moja, na nusu yake imejaa tairi la akiba.

Na safari tuliyoipanga ilikuwa ya nyuso mbili vilevile. Baba amefikisha miaka 79. Alitaka kurudi Magadi mara moja tena kwa gari lake, kisha avuke ng'ambo ya ziwa kuelekea Nguruman, alikokuwa akienda kununua maembe. Kutoka Kitengela unafika Isinya, unakata kulia kupitia Olooloitikosh hadi Kiserian, unapanda Kona Baridi, halafu dunia inafunguka chini yako. Kuanzia hapo ni kuteremka tu. Kiserian unavaa sweta. Magadi, mita 600 hivi juu ya bahari, unatafuta kivuli kama mbuzi. Lami ipo, yenye viraka vyake, mpaka mjini. Baada ya ziwa ni changarawe, mawe ya volkano na miiba.

Miiba usiichukulie kimzaha. Oltepesi, kituo kilicho njiani, kimepewa jina la mgunga kwa Kimaasai, ule mti wenye kichwa cha mwavuli. Mwiba wake mweupe ukiukanyaga na tairi lililochoka, unaingia kama sindano kwenye andazi.

Barabara hii ilikuja nyuma ya reli. Kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911, na njia ya reli ikajengwa kutoka Konza, ikapita Kajiado, ikateremka hadi ziwani ili kuchukua magadi ya kutengenezea kioo na sabuni. Mji ukaota juu ya chumvi. Sisi watoto wa wafanyakazi tulizaliwa hapo, baba zetu wakiwa Wakamba, Wajaluo, Waluhya, na majirani zetu Wamaasai wenye ardhi yao. Hao majirani ndio walionifundisha kwamba tairi halifi. Likimaliza kazi barabarani linakatwa akala, na akala zinatembea miaka mingine. Lakini hata akala zina historia. Mzee mmoja wa Kajiado aliyekuwa akinikatia alipenda tairi la zamani la nyuzi za nailoni. Haya ya kisasa, alilalamika, yana waya za chuma zinazovunja kisu.

Waya hizo ndizo habari yenyewe. Mwaka 1888, kule Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baba mmoja alitaka mtoto wake asitikiswe na mawe, na dunia nzima ikataka mpira. Kongo ya Mfalme Leopold iligeuzwa shamba la kifo: vijiji vilipewa kipimo cha mpira wa mwituni, na wasiofikisha waliuawa au kukatwa mikono. Huku kwetu Wajerumani walipanda mpira wa Ceara katika nyanda za Tanga, mpaka mpira wa bei nafuu wa Malaya ulipovunja soko lao mwaka 1913. Michelin walipopata hataza ya tairi la radial mwaka 1946, nyuzi zilianza kulazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda wa chuma ukawekwa chini ya meno. Tairi likawa linashika barabara vizuri na kudumu zaidi, ila ubavu wake ukawa mwembamba. Kwenye mawe, ubavu ndio unaokuua.

Sisi Wakenya tulikuwa na kiwanda chetu. Firestone East Africa ilisajiliwa mwaka 1969, ikatengeneza matairi Industrial Area, Nairobi. Baadaye ikawa Sameer Africa, na chapa ya Yana ikajulikana hadi vijijini. Mwaka 2016 kiwanda kilifungwa. Baba aliposikia habari hiyo redioni alikwenda stoo kuyafunika upya matairi yake manne, kwa kuwa yalitoka hapo. Alidhani anaweka akiba. Ukweli ni kwamba mpira huzeeka hata ukiwa gizani. Mafuta yake hukauka, hupata nyufa ndogo usizoziona mpaka uukunje, na mkanda wa chuma huanza kuachana na mpira. Meno hayakuambii umri. Nambari ndiyo inayokuambia. Tangu mwaka 2000 ziko nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta tatu, hilo ni la karne iliyopita, na tarakimu moja ya mwaka haitoshi kukueleza ni la muongo gani.

"Lile lilikuwa na tatu," baba alisema ghafla.

Nilimuuliza lipi. Sikuhitaji kuuliza.

Mwaka 1996, tukiteremka kabla ya Oltepesi, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Gari lilizunguka, likaingia mtaroni. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa upande wa abiria, alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo anachechemea. Nyumbani tuliambiwa ni mwiba. Kwa miaka yote hiyo hadithi ilikuwa mwiba wa Oltepesi.

"Haukuwa mwiba," baba alisema, akimwangalia fundi badala yangu. "Nilikuwa nimeweka kiraka ndani, ubavuni. Nilijua. Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi."

Yule fundi kijana aliendelea kupangusa mikono yake na kitambaa kilekile kichafu. "Pole mzee," alisema. Mimi sikupata la kusema. Nilifikiria jinsi nilivyofurahi asubuhi ile kuokoa pesa za matairi manne.

Kwa hiyo tulikaa chini tukachagua, kama watu wenye haja ya kufika. Nitawaeleza tulivyohesabu, kwa sababu kuna mtu ana gari la zamani uani na shida yake ni hii hii.

Tairi la asili, 175R14, lina kimo cha karibu milimita 634. La lami linalopatikana kwa urahisi kiasi ni 195/70R14, lenye kimo cha karibu 629. Tofauti hiyo hata mita ya mwendo haiisikii. Linashika vizuri, ndilo ningelivaa kupeleka gari kwenye maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse. Hilo ndilo nililolitaka. Chaguo la pili ni tairi la vani, 185R14C, lile lililobeba matatu za Hiace za zamani. Lina kimo cha karibu 650, kwa hiyo mita itakudanganya kidogo: ikikuonyesha 80 unakwenda 82. Ubavu wake ni mnene. Halina herufi H, na ni gumu; likiwa na upepo wa mzigo kamili kwenye gari jepesi litarukaruka kama punda. Linataka lipunguzwe upepo, na dereva apunguze mbwembwe.

Upepo nao upime asubuhi, tairi likiwa baridi. Kila nyuzi joto 10 huongeza takriban psi moja na nusu. Ukipima Kiserian alfajiri halafu ukashangaa Magadi saa saba, usiutoe. Utakaporudi juu kwenye baridi utakuwa na tairi legevu.

Nilibishania lile la lami. Kilomita nyingi ni za lami, nilisema. Baba akatikisa kichwa. "Usichague tairi la kilomita nyingi. Chagua la ile kilomita mbaya."

Tukanunua ya vani, matano, nambari zake zote za mwaka uliopita. Yale ya lami nitayanunua baadaye, seti ya pili na rimu zake, kwa ajili ya Jumapili za Nairobi.

Tulishuka Magadi wiki iliyofuata. Björn Waldegård alishinda Safari ya magari ya zamani mwaka 2011 akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia. Sisi tulikwenda kilomita 60 kwa saa, baba akinisomea mashimo. Alipofika Oltepesi alinyamaza. Ziwa lilipotokea, jeupe na waridi, aliomba tusimame, akateremka kwa fimbo yake na kuweka kiganja juu ya kila tairi, manne yote, kupima joto. Halafu akasema twende Nguruman.

Yale manne ya stoo hatukuyaacha kibandani yazima. Baba alijua yangeuzwa kwa mtu mwingine anayengoja mwisho wa mwezi. Aliazima kisu cha fundi akapasua ubavu wa kila moja mwenyewe, polepole, mkono ukitetemeka, akakataa msaada wangu. Kisha akampigia simu kaka. Nilimwachia kiti, nikavuka barabara kununua maji.