Macbeth: Mfalme wa Tamthilia na Mfalme wa Historia

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hulijua jina la Macbeth kupitia tamthilia ya William Shakespeare, ama kwa Kiingereza, ama kwa tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Humo Macbeth anamuua Mfalme Duncan, mzee aliyelala nyumbani kwake kama mgeni, kisha anatawala kwa hofu na damu. Insha hii inadai kwamba Macbeth wa jukwaani si yule wa historia, na kwamba tofauti yao ina sababu za kisiasa.

Macbeth wa kweli alitawala Uskoti tangu mwaka 1040 hadi 1057. Jina lake la Kigaeli lina maana ya "mwana wa uhai". Duncan hakuwa mzee wala hakuuawa kitandani. Alipeleka jeshi Moray, eneo la Macbeth, akafa huko. Tena, wakati huo kiti hakikuwa lazima kirithiwe na mwana wa mfalme; ndugu wengine wa ukoo wa kifalme waliweza kukidai. Mwaka 1050 Macbeth alihiji Roma. Ni vigumu kuamini kwamba mtawala aliyechukiwa na watu wake angethubutu kuondoka mbali hivyo.

Kwa nini basi sifa yake iliharibika? Mwaka 1057 aliuawa na Malcolm, mwana wa Duncan, na wazao wa Malcolm wakatawala baada yake. Mwaka 1527 mwandishi Hector Boece alimwongeza Banquo, mtu asiyetajwa katika kumbukumbu za zama za Macbeth, akamfanya babu wa ukoo wa Stewart. Raphael Holinshed alifuata masimulizi hayo, na Shakespeare akayatumia. Katika kitabu cha Holinshed, Banquo anashiriki njama ya kumuua Duncan. Katika tamthilia hana hatia. Sababu haiko mbali: tangu mwaka 1603 mfalme wa Uingereza alikuwa James wa ukoo wa Stewart, naye ndiye aliyekuwa mlezi wa kundi la waigizaji la Shakespeare.

Mtunzi ana haki ya kubuni, na uzuri wa tamthilia haupungui kwa hilo. Lakini msomaji wa historia akisoma habari za mtawala aliyepinduliwa, hana budi kuuliza kwanza: zilipoandikwa, nani alikuwa kwenye kiti?