simika, sakinisha

simika kt [-simikia, -simikwa, -simikika] 1 fanya kitu kisimame imara: *simika nguzo*. 2 weka mtambo mahali pake pa kudumu: *simika seva*. 3 tawaza: *simika mtemi*.

sakinisha kt [kutokana na *sakini*, yaani kaa, tulia] weka programu ndani ya kompyuta au simu iwe tayari kutumika.

Matumizi: Husimikwa kinachoshikika, husakinishwa programu. Shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, hutumia simu na ramani za kidijitali kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Anayetaka kutunza taarifa za namna hiyo katika seva yake mwenyewe husimika kwanza: betri za akiba, paneli za sola, seva yenyewe katika chumba chenye kufuli. Ndipo husakinisha programu ya data. Mfasiri anayeandika *sakinisha* kotekote humficha msomaji hatua ya kwanza. Umeme ukikatika usiku, kijiji alipo binti hakionekani.

Sahihi: *Seva imesimikwa, programu haijasakinishwa.*
Si sahihi: *Paneli zimesakinishwa paani.*

Taz. pia: *pakua, hifadhi, miundombinu.*