Upendo Una Sharti

Rangi za Marasta, yaani nyekundu, manjano na kijani, zimefika hata Mgeta. Nimeziona kwenye kofia za vijana wanaopakia kabichi na karoti katika magari ya Dar es Salaam. Wazee wengine husema huo ni uhuni. Mimi naona heri tuulize kwanza upendo na umoja unaoimbwa na Marasta umetoka wapi.

Jina lenyewe ni la Kiafrika. Ras Tafari Makonnen alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia Novemba 2, 1930. Kule Jamaika, wajukuu wa watumwa, maskini waliodharauliwa kwa rangi yao, waliona hapo dalili ya ukombozi, na imani ikaanza. Umoja wao ulikuwa wa watu waliotaka kwanza wahesabiwe kuwa watu.

Oktoba 1963 mfalme huyo alihutubia Umoja wa Mataifa. Alieleza kwamba maadamu rangi moja inajiona bora kuliko nyingine, Afrika haitapata amani. Mwaka 1976 Bob Marley akayageuza maneno ya hotuba hiyo kuwa wimbo, War, maana yake Vita. Ni yeye huyo huyo aliyeimba One Love. Vijana wetu wanaushika wimbo wa upendo na kuusahau ule wa vita, kumbe huo wa pili ndio unaotaja sharti la ule wa kwanza. Sharti hilo ni haki.

Milima yetu inalijua jambo hilo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuhifadhi udongo. Waluguru hawakuuchukia udongo wao. Wakulima wa Mgeta walikuwa na namna yao ya kukata ngazi mlimani hata kabla ya amri hiyo. Walichokataa wananchi ni kuswagwa. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukaachwa.

Basi shukeni nami kutoka Mgeta hadi Mazimbu, pembeni ya mji wa Morogoro, palipokuwa na shamba la mkonge. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana wengi walikimbia Afrika Kusini. Mwaka 1977 serikali yetu ilikipa chama cha ANC eneo hilo. Ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979. Wako waliozikwa pale pale. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Tanzania majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nchi yetu haikuwa tajiri ilipotoa ardhi ile, lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo kijana wa Mgeta asiivue kofia yake. Ila ajue kwamba mama anayeshusha viazi mlimani kwa kichwa naye yumo katika umoja huo. Dalali anayemlazimisha mama huyo kufunga gunia la lumbesa kwa bei ya gunia moja, hata akiimba upendo kutwa nzima, bado hajalitimiza sharti.